Kibaba cha Makutupora: Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge

Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Yah: MAJI MNAYOKUNYWA MKIWA DODOMA

Mbukwenyi!

Nimeanza kwa salamu ya Wagogo kwa kuwa ndio wenyeji wenu. Kila Aprili mnafika hapa kwa Bunge la bajeti, mnakaa hadi Juni inaisha, na muda wote huo mnaoga, mnapikiwa na kunywa chai kwa maji ambayo sehemu kubwa inatoka mahali ambapo nadhani wengi wenu hamjapakanyaga. Ni visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji ukiishika barabara ya Kondoa. Wanaopanda treni ya umeme wasichanganye: Makutupora ya reli iko Manyoni, mkoani Singida. Hii ya kwetu haina treni. Ina maji.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka nenda rudi niliwachorea wanafunzi mzunguko wa maji ubaoni: wingu, mvua, mshale unaoingia ardhini, kisima, mshale unaopanda tena angani. Mishale yote niliichora kwa unene mmoja, kana kwamba kila mwaka mbingu hutoa na ardhi hupokea kwa kipimo kile kile. Nimestaafu ndipo nikajua kuwa kwa upande wa Dodoma mchoro wangu ulikuwa wa uongo. Ningekaa kimya na aibu yangu, ila naona uongo uo huo umo katika namna tunavyopanga maji ya makao makuu ya nchi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na maji yenyewe yalipo. Mtu akisikia "maji ya chini ya ardhi" huwazia ziwa lililojificha, au mto unaopita pangoni. Chini ya Makutupora hakuna ziwa wala pango. Kuna granaiti, ndugu ya yale majabali mnayoyaona yamerundikana kwenye vilima vya mjini, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Granaiti nzima haishiki maji. Ukimwaga ndoo juu yake yanateleza na kwenda zake. Lakini granaiti iliyokaa na joto na unyevu kwa mamilioni ya miaka huoza. Juu inageuka mfinyanzi, chini yake changarawe ya mwamba uliomeguka, na chini zaidi mwamba mgumu wenye nyufa. Maji yetu yamo katika uozo huo, kati ya chembe na chembe, ufa na ufa.

Sehemu kubwa ya Afrika imekalia miamba ya namna hii, na kwa kawaida kisima chake hutosha pampu ya mkono na foleni ya madumu ya kijiji kimoja. Makutupora imebahatika. Ardhi yake imekatwa na mipasuko mikubwa ya jamii ya Bonde la Ufa, mwamba ukavunjika na kuoza hadi kina kirefu, na bonde likapata umbo la bakuli. Kwa sababu hiyo visima vyake vinatoa maji kwa wingi usio wa kawaida kwa mwamba wa aina hii, kiasi cha kulisha mji. Vilianza kuchotwa miaka ya 1950, Dodoma ikiwa mji mdogo wa reli. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yahamie hapa, bakuli lilikuwa lile lile. Sensa ya 2012 ilipowakuta watu 410,956 katika manispaa, bakuli lile lile. Sensa ya 2022 imewakuta watu 765,179 jijini, na Serikali imeshahamia. Kuna visima vingine vilivyochimbwa kusaidia, na ni jambo jema, lakini mgongo wa mji bado ni Mzakwe.

Sasa nije kwenye mshale wangu wa ubaoni. Bakuli hili hujazwaje?

Dodoma haina vuli na masika kama Pwani. Ina msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida mvua yake ni kama milimita 550. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua na upepo. Jua hilo lina uwezo wa kunyonya maji mara kadhaa ya yanayoanguka. Mvua ya kawaida ikinyesha hulowesha udongo, mtama na uwele hunywa, mibuyu na miiba hunywa, na kilichobaki kinarudi hewani. Kinachofika kwenye mwamba uliooza, ukigawanya kwa miaka yote, ni milimita chache tu.

Naomba tufanye hesabu ya darasa la saba. Milimita moja ya maji juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Chukulieni eneo la kilomita za mraba 100, na milimita 10 ziwe zimezama kwelikweli hadi chini. Hizo ni lita bilioni moja. Mji unaotumia lita milioni 50 kwa siku utazimaliza kwa siku 20. Kwa mwaka mzima mji huo unataka lita bilioni 18 na ushei. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini zinaonyesha jambo la kweli: maji yanayoingia ni membamba, na bomba linaloyatoa ni nene.

Kwa bahati, Makutupora ina hazina ambayo mabonde machache sana ya nchi kavu za kitropiki yanayo. Tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji wamekuwa wakipima kina. Kazi yenyewe haina mbwembwe: mtu anafika kwenye kisima cha uangalizi, anashusha utepe wenye alama, utepe unalia ukigusa maji, anaandika namba daftarini, anaondoka. Serikali zikabadilika, mawaziri wakapishana, daftari likaendelea. Mwaka 2013 jarida la sayansi la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa daftari hilo la miaka 55, ulioongozwa na Richard Taylor wa University College London akishirikiana na wataalamu wa kwetu, miongoni mwao Lister Kongola. Mchoro wake ungeweza kutundikwa katika ukumbi wenu wa Bunge.

Mchoro unaonyesha nini? Unaonyesha mstari unaoshuka, mwaka hadi mwaka, taratibu kama mshumaa unaoyeyuka. Mvua inanyesha, wakulima wanavuna, magazeti yanaandika kuwa msimu ulikuwa wa wastani, na mstari unashuka tu. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua iliyopitiliza, na mstari unaruka juu kwa ghafla. Kisha unaanza tena kushuka kwa miaka. Mruko mkubwa kuliko yote katika daftari lile ni wa msimu wa 1997–98, ule wa El Niño, ambao Watanzania wanaukumbuka kwa madaraja yaliyong'olewa na barabara zilizokatika. Msimu tulioulaani ndio uliotunywesha miaka iliyofuata. Misimu michache ya namna hiyo, inayotokea pale joto la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi linapokaa vibaya kwa wengine na vizuri kwa kisima chetu, imechangia kujaza bonde kwa kiasi kisicholingana kabisa na uchache wake.

Tumelelewa na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Ni methali nzuri kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa Makutupora si kweli. Haba na haba ya Makutupora huliwa na jua. Kibaba chake hujazwa kwa gharika, mara moja moja, na kati ya gharika na gharika tunaishi kwa akiba.

Jambo hilo moja likieleweka, Waheshimiwa, mengine yote ninayowaomba yanafuata yenyewe.

La kwanza ni kuhesabu. Bajeti yenu ni ya mwaka mmoja, Julai hadi Juni. Ahadi zenu za uchaguzi ni za miaka mitano. Bonde la Makutupora halijui mwaka wa fedha wala uchaguzi. Hesabu yake ni ya miaka kumi na zaidi. Linaweza kupitisha Bunge zima, toka kiapo hadi kuvunjwa, bila kupata mjazo hata mmoja wa maana. Basi anayesema kuwa mvua za mwaka jana zilikuwa nzuri, tuongeze pampu, hajapima kitu. Na anayeona kina kimepanda baada ya mvua kubwa akadhani amepata ziada, amekula mbegu. Mjazo wa mwaka wa gharika ni chakula cha ghala. Umewekwa kwa ajili ya miaka ambayo bado hatujaiona. Wazee wa Ugogo wangewaelewa haraka kuliko wachumi. Hii ni nchi iliyopitia Mtunya, njaa ile ya 1917 hadi 1920, na inajua kuwa ghala halipimwi siku ya mavuno. Hupimwa siku ambayo mvua imekataa.

La pili ni mahali maji yanapoingilia, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye uzito.

Nilipokuwa nafundisha, ule mshale wa kuzama niliuchora popote tu: kwenye kilima, shambani, chini ya mti. Ukweli wa Makutupora ni tofauti. Sehemu kubwa ya sakafu ya bonde imefunikwa na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa ng'ombe ukanasa, na unaovimba mvua ikianza hadi nyufa zikajifunga. Ukishavimba, maji hukaa juu yake kama kwenye sinia mpaka jua liyachukue. Hapo mlango umefungwa.

Mlango ulio wazi ni mchanga. Mito ya hapa, mkubwa wao ukiwa Kinyasungwe Ndogo, haina maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni akivuka daraja mwezi Septemba huuliza mto uko wapi. Uko pale pale. Ni ule ukanda mpana wa mchanga mweupe. Mvua kubwa ikipiga milimani, maji hushuka na kuujaza ukanda ule kwa saa au siku kadhaa, na wakati yanapita yanazama. Watafiti wa GroFutures, mradi wa maji ya chini ya ardhi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliweka vipimo mtoni na visimani kwa pamoja, wakaona kuwa mto unapotembea ndipo kisima kinapopanda, na kadiri unavyotembea muda mrefu ndivyo kinavyopanda zaidi. Wengine wakachunguza udongo wenyewe na kukuta kuwa vipande vya mchanga wa chembe kubwa ndivyo madirisha ya kupitishia maji, wakati mfinyanzi wa mbuga ni ukuta.

Kwa hiyo mchanga wa Kinyasungwe Ndogo na wa makorongo yanayouingilia ndio mdomo wa mji huu. Nanyi mnajua kinachotokea kwa mchanga wa mto mahali panapojengwa mji. Tangu Serikali ihamie, Dodoma inapanda kama unga uliotiwa hamira. Kila ghorofa, kila uzio, kila wizara inahitaji mchanga, na mchanga mzuri kuliko wote ni wa mtoni, uliokwisha kuoshwa na maji. Tipa moja haliharibu mto. Matipa ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, huondoa kile kinachofyonza na kuacha mfinyanzi au mwamba. Gharika ikija inakuta njia ya kuteleza, inapita mbio, inakwenda kuliko na hasara. Mto huu hauishii Dodoma. Maji yake hushuka kwenye Kinyasungwe kuelekea Gulwe na Kilosa, kule ambako mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata Reli ya Kati. Maji yale yale yakizama huku ni akiba. Yakifika kule ni tuta la reli lililobebwa.

Kwa miaka mingi kilimo na malisho vimezuiwa kwenye eneo lenyewe la visima, na wenyeji wa Mzakwe wamelipa gharama ya katazo hilo ili sisi wa mjini tunywe. Nawashukuru, na nasema mngepaswa kuwashukuru nanyi kwa huduma zinazoonekana. Lakini tukilinda visima peke yake tunalinda mahali pa kuchotea na kusahau mahali pa kujazia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo wa mto wa mchanga ni upi, wakati mto wenyewe unahama kila gharika? Mita 60 zinapimwa kutoka kwenye mkondo wa mwaka huu, na dirisha la kupitishia maji laweza kuwa kwenye mkondo wa miaka 20 iliyopita, uliokwisha kupimwa viwanja na kupandwa vigingi.

La tatu ni mji kulifuata bonde. Ramani ya Dodoma inafunguka kuelekea kaskazini. Uwanja wa ndege wa Msalato uko upande huo, barabara ya mzunguko wa nje imepita Veyula, na palipo na lami na kiwanja cha ndege viwanja haviwi mbali. Sipingi maendeleo; mimi mwenyewe nina kiwanja. Nasema tu kwamba kila paa na kila lami hubadili mwendo wa maji, na kila nyumba ina choo.

Kuhusu choo niseme wazi, maana huwa tunakionea haya. Nyumba nyingi za mji huu haziko kwenye mfumo wa majitaka. Zina shimo. Uchafu ukizama unazaa naitreti, chumvi isiyo na rangi, harufu wala ladha, isiyoondoka kwa kuchemsha maji. Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa miligramu 50 kwa lita moja, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, kwani huzuia damu yao kubeba hewa. Katika tabaka la mwamba uliooza, maji husogea polepole mno. Uchafu ulioingia leo waweza kufika kwenye pampu wakati aliyetoa kibali cha ujenzi ameshastaafu kama mimi. Na ukishaingia, hakuna wa kwenda kuusafisha huko chini.

Jirani yangu mmoja alichoshwa na mgao wa maji. Akaita mtambo, akachimba kisima nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye shimo la choo chake na hatua chache zaidi kutoka kwenye langu. Simlaumu, mgao ukimkuta mtu ana fedha atachimba, asiye na fedha atasubiri boza. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni mali ya umma na kisima kirefu kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwetu hapa ni Bodi ya Wami/Ruvu. Nilipomuuliza jirani habari za kibali alicheka, kicheko kisicho na ubaya, kama mtu aliyeulizwa leseni ya kuota jua. Visima vya namna hii vikiwa viwili havina neno. Vikifika maelfu, bila dira na bila rekodi, hakuna mtaalamu atakayeweza kusema mji unachota kiasi gani.

Najua jibu linaloandaliwa. Mtaniambia kuwa bwawa la Farkwa linakuja, na maji ya Ziwa Victoria yanakuja. Nayasubiri kwa hamu, na nikijaliwa uhai nitayanywa. Farkwa iko Chemba, kwenye mto Bubu, ambao maji yake humalizikia kwenye dimbwi kubwa la Bahi. Ni mto wa msimu, nao unategemea mvua hizo hizo za nchi kavu. Ziwa Victoria liko mamia ya kilomita, na maji yake yatahitaji kusukumwa kwa umeme kila siku ya Mungu. Bwawa linaweza kujaa tope. Bomba refu hupasuka, na umeme hukatika. Siku ya kupasuka, mji wenye bakuli lililojaa chini yake utaendelea kunywa, na mji uliolimaliza bakuli lake utasubiri fundi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Maji ya mbali yakija yapokewe kwa kazi moja kubwa: kuipumzisha Makutupora miaka mibaya na kuiacha ijae miaka mizuri.

Basi haya ndiyo maombi yangu, na ninyi ndio wenye kura.

Naomba kipimo kilindwe kama mnavyolinda Hansard. Daftari la Makutupora ni kumbukumbu ya taifa. Kifungu chake cha fedha ni kidogo kiasi cha kusahaulika katika bajeti ya Wizara ya Maji, na ndiyo hatari yake: vitu vidogo hukatwa bila mtu kupiga kelele. Kiwekeni, kitajeni, kifuatilieni. Na namba itangazwe. Jijini kila mtu anajua bei ya zabibu na ya mafuta ya taa; hakuna anayejua maji yako mita ngapi chini. Ibandikwe kila mwezi kwenye ankara ya maji na kwenye mbao za matangazo za mitaa.

Naomba mchanga wa kujazia upimwe na uwekewe mipaka yake. Utafiti umekwisha kuonyesha namna ya kuyatambua madirisha hayo. Yachorwe kwenye ramani ya mipango miji kama inavyochorwa hospitali au shule, yaondolewe kwenye upimaji wa viwanja, na kuchimba mchanga humo kukomeshwe kwa kuonyesha wachimbaji mahali pengine pa kuchimba. Vijana wa matipa nao wana watoto wa kulisha; kuwafukuza bila kuwaelekeza ni kuwafundisha kuchimba usiku.

Naomba pia tahadhari na vibwawa vya juu ya mto. Vinapendeza kwenye uzinduzi. Lakini ikiwa kinachojaza visima ni mto kutembea muda mrefu juu ya mchanga, basi kibwawa kinachokamata gharika yote na kuianika juani kinatunyima. Kile kinachoipunguza kasi na kuiachia polepole juu ya mchanga kinatusaidia. Tofauti hiyo ipimwe na wataalamu wa maji chini ya ardhi kabla ya mkandarasi kuitwa.

Naomba visima vya watu binafsi viandikishwe kwa utaratibu mwepesi na wa bei nafuu, ili mtu asione kibali kuwa adhabu. Tukishajua viko vingapi, tutajua pa kuanzia. Na upande wa kaskazini, mfumo wa majitaka utangulie nyumba, usizifuate.

La mwisho linahusu mwaka wa gharika ujao. Hakuna ajuaye ni upi. Utakuja na picha za mabasi yaliyozama, na hotuba zenu zitakuwa za maafa na pole, kama inavyostahili. Nawaomba siku hizo hizo pawepo mtu Mzakwe mwenye utepe na daftari, pawepo mchanga wa kupokea maji, na pawepo mbunge mmoja atakayesimama kusema kuwa maji haya ni ya miaka kumi ijayo, asiyachote mtu kwa pupa.

Mnajua maana ya jina la mji huu. Wagogo husimulia kuwa tembo alikuja kunywa maji, akazama matopeni, na mahali pakaitwa Idodomya, palipodidimia. Mji wetu umepewa jina kwa sababu ya maji na kwa sababu ya kudidimia. Mstari wa Makutupora nao hudidimia kila mwaka usio na gharika, na tofauti na tembo, haupigi kelele.

Bunge la bajeti likianza Aprili, mvua zetu huwa zinamalizika na mto unaanza kukauka. Ni wakati mzuri wa kuja kuona. Chagueni Jumamosi moja, pandeni basi moja wote badala ya misafara, mje Mzakwe. Teremkeni mtoni mkanyage ule mchanga, kisha mwende kwenye kisima cha uangalizi mmuulize mtumishi mtakayemkuta swali moja tu: leo maji yako mita ngapi, na mwaka jana siku kama ya leo yalikuwa mita ngapi? Jibu lake mliandike, na mrudi nalo ukumbini.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
mkazi wa Dodoma.